Picha Iliyokuwa Ikikonda kwa Mama Zuhura

Laki mbili na elfu sitini na nne. Nimejumlisha kutoka juu kwenda chini, nikajumlisha tena kutoka chini kwenda juu, jibu ni lilelile na maumivu ni yaleyale. Kwa fedha hiyo dukani ningepata televisheni mpya, bapa kama sinia, yenye rimoti na waranti, na muuzaji angeniongezea soda. Mimi nimeitumia kufufua televisheni ya chogo, ile ya mgongo mrefu, ya picha nyeusi na nyeupe, yenye kioo kidogo kuliko sahani ya pilau ya harusini. Mke wangu aliponiuliza nimenunua nini, nilimjibu nimenunua utoto. Akasema, "Utoto unao tayari. Huo mwingine utauweka wapi?"

Wenzangu mliokulia Tukuyu kabla umeme haujaingia kila nyumba, ninyi mtanielewa. Pale mtaani kwetu Msasani, ya Tukuyu si ya Dar es Salaam, nyaya za umeme zilipita juu ya mabati yetu zikielekea kwa wenye uwezo, sisi tukabaki kuhesabu ndege waliotua juu yake. Na mvua ya Tukuyu mnaijua. Kwingine mvua huja kama mgeni. Kwetu ni mwenye nyumba, jua ndilo linalobisha hodi. Tulitoka shule tumelowa chapachapa, sweta za bluu zimevutwa na maji mpaka zinagusa magoti, mpira wetu wa makaratasi umegeuka uji kabla ya goli la pili. Njiani tulikula ndizi zilizochomwa kwenye majivu, tukazipaka parachichi kama watu wa mjini wanavyopaka siagi. Siku hizi parachichi za Rungwe zinapanda ndege kwenda Ulaya. Enzi hizo zilikuwa zinatudondokea kichwani na hakuna aliyeomba risiti.

Mtaa mzima ulikuwa na televisheni moja, na ilikuwa kwa Mama Zuhura. Mume wake alikuwa fundi cherehani, mtu wa asili ya Tanga, na nusu ya kaptula za shule za mtaa ule zilipita chini ya sindano yake. Alikwenda Dar es Salaam kufuata vitambaa, akarudi na televisheni imefungwa ndani ya jora la khaki kama mtoto mchanga. Hatukuwahi kuulizwa dini wala ukoo. Sebule yao ilikuwa na mkeka mkubwa, na aliyepata pa kukaa alikaa. Mama yangu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kinanukia Kinyakyusa, alikuwa na masharti mawili tu: "Usiende mikono mitupu. Na ukirudi umelowa, utalala na mbuzi." Basi tulikwenda na kuni, au magimbi, au mkungu mdogo wa ndizi, na mlangoni tulisema "ndaga fijo" hata kabla hatujapewa kitu cha kushukuru.

Televisheni yenyewe ilikula betri ya gari. Hapo ndipo palikuwa na kazi. Betri ilipokwisha, watoto wawili wa zamu waliitundika kwenye mti wa mwanzi, mmoja mbele mmoja nyuma, wakapandisha kilima kwenda kuichaji kwenye mashine ya kusaga. Tindikali ilidondoka, ikatoboa kaptula. Tundu lile lilikuwa cheo. Mwenye kaptula iliyotobolewa na betri hakuna aliyemsogeza pale mkekani, hata kama amekaa katikati.

Na betri ilikuwa na tabia yake ya kuaga. Haikuzimika ghafla. Picha ilianza kukonda. Kwanza weusi unaingia pembeni, kisha juu na chini, msoma habari anabinywa kiuno mpaka anafanana na nyigu, kisha anabaki kidogo kama picha ya kitambulisho. Sisi tulikuwa mabingwa wa kusoma ugonjwa ule. Mmoja akisema "imeanza kukonda," mwingine anaruka kuizima. Tunaipumzisha. Tunakaa gizani tunabishana nani atashinda mieleka, kisha tunaiwasha tena ituonyeshe mwisho, na betri ikishapumzika ilitupa dakika chache za huruma. Vijana wa leo video ikizunguka kidogo kwenye simu wanatukana kampuni, wanamtukana na aliyevumbua simu. Sisi tuliwahi kuona nusu ya fainali Jumapili, nusu nyingine tukasimuliwa shuleni Jumatatu na mtoto ambaye naye hakuiona.

Sasa nije kwenye gharama.

Mwezi huu nilisikia Mama Zuhura anahama. Mume alishatangulia mbele ya haki siku nyingi. Zuhura, aliyeolewa Tanga, ameona magoti ya mama yake hayawezi tena vilima vya Tukuyu wala baridi yake, na Jumamosi angekuja kumchukua. Jumatatu nilikwenda kumuaga. Nikamkuta mlangoni na mnunuzi wa vyuma chakavu, na ile televisheni inaning'inia kwenye mizani ya ndoano kama mbuzi wa sikukuu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Ambakisye. Umekuja kuniaga au kunipunguzia bei?"

Mnunuzi alikuwa na haraka. "Elfu nane, mama. Ninachotaka humu ni ile koili ya shaba tu. Chogo lenyewe nalitupa."

Kulitupa! Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Elfu kumi."

Mama Zuhura hakunitazama hata kidogo. "Umesikia? Mwenzako kafika kumi."

"Kumi na moja," akasema mnunuzi.

Mimi nimekulia sokoni. Nimenunua ndizi Kyimo nikaziuza mjini, nimemchosha muuza mbuzi mpaka akanipa na kamba. Lakini siku ile nilipanda tu: kumi na mbili, kumi na tano, kumi na nane. Nilipofika kumi na nane ndipo nikaona yule bwana alishafungasha mizani yake, yuko barabarani. Nilikuwa nashindana na Mama Zuhura peke yake.

"Weka ishirini," akasema kwa upole. "Kumi na nane haina heshima."

Nikaweka. Nilipokuwa nainyanyua nikamwambia, kwa kumfariji, kwamba najua ataikumbuka, kwa miaka yote ile aliyoitazama.

"Nani? Mimi?" Akacheka mpaka akashika mlango. "Lini mlinibakizia mkeka? Hiyo nimeisikia tu, mwanangu. Sauti zote nazijua. Kukaa mbele yake mpaka taarifa ya habari ikaisha, sijawahi."

Nilisimama pale na mzigo mikononi, na jambo ambalo sikuwahi kulifikiria likanijia zima. Jikoni. Sisi tulipokuwa tunapiga kelele sebuleni, yeye alikuwa jikoni na sweta zetu. Alizikamua moja moja, akazipanga kwenye viti kuzunguka jiko la mkaa, akazigeuza zisiungue, akajua ipi ya nani. Kila mtoto aliondoka nyumba ile na sweta kavu yenye harufu ya moshi na karafuu. Miaka yote mama yangu hakupata sababu hata moja ya kunilaza na mbuzi, na mimi nilidhani ni bahati yangu.

"Mama," nikamwambia, "kabla ya Jumamosi utakaa mbele ya televisheni hii."

"Itawaka?"

"Itawaka."

"Na picha iwe imenyooka. Uzee huu sitaki kutazama watu waliominywa."

Niliipeleka Makandana kwa Nsajigwa. Sasa ni fundi wa simu, lakini tulikalia naye mkeka ule. Yeye alikuwa mtu wa upande wa ukutani. Televisheni za chogo aliziacha zamani, mizoga yake imejaa nyuma ya kibanda. Tukaunga betri ya pikipiki iliyokuwa pale. Chogo likanguruma, likanuka vumbi la moto, picha ikaja. Imekonda. Pembeni weusi, juu weusi, kiuno kimebinywa vilevile.

Tukatazamana, tukasema kwa pamoja, "Betri."

Nikanunua betri ya gari, ya mtumba, nikaibishania mpaka mwenye nayo akanisusia. Picha imekonda. Nsajigwa akasema, "Umeuziwa maiti." Jumanne mchana nikanunua mpya dukani, na hiyo ndiyo iliyokula zaidi ya nusu ya gharama niliyowatajia. Picha imekonda, haijaongezeka hata upana wa kidole. Nsajigwa akaipima betri kwa mita yake, akapima tena kwa sababu nilimwambia apime tena.

"Imejaa," akasema.

"Sasa?"

"Sasa sijui. Mimi kwa Mama Zuhura nilijifunza ugonjwa mmoja tu."

Watu wawili wenye mvi, mmoja akiwa fundi mwenye kibao barabarani, tumeteketeza hela ya betri mbili kwa sababu ya elimu ya mkekani. Fundi yeyote aliyekulia penye umeme angefungua mgongo wa televisheni siku ya kwanza. Sisi tulifungua siku ya pili. Ndani kulikuwa na buibui, vumbi, na maganda ya karanga yaliyopenya kwenye matundu ya nyuma. Umeme ulikuwa unaingia mzima, ukifika katikati unapungua. Nsajigwa akanionyesha zile kapasita, vikopo vidogo vinavyotunza umeme na kuutoa taratibu. Zina majimaji ndani, na kwa miaka ile yote yalikauka. Mbili zilikuwa zimevimba vichwa.

Akachomoa nyingine kutoka kwenye mizoga yake, akazichomelea. Picha ikanenepa! Tukapeana mikono. Tulipomaliza kunywa chai ilikuwa imekonda tena.

"Umemwekea wazee wenzake," nikamwambia.

"Ulitaka vya bure," akanijibu.

Jumatano nikaenda Mbeya kutafuta mpya. Muuzaji alitaka bei ya dhahabu kwa vitu vinavyoenea kwenye kisanduku cha kiberiti. Nilimwambia naondoka, nikaondoka kweli mpaka stendi, nikarudi. Bei haikushuka. Lakini Alhamisi, zilipowekwa hizo, picha ilijaa kioo kizima mpaka kwenye kona, na haikurudi nyuma.

Ndipo tukaona magonjwa mengine, yaliyokuwa yamejificha nyuma ya lile la kwanza. Watu walikuwa na mapaji ya uso marefu na miguu mifupi, kama wameinuliwa kwa masikio. Ilikuwa kapasita moja zaidi, ya upande wa kuivuta picha juu na chini. Halafu picha nzima ililala upande wa kushoto, nchi yote iko mteremkoni. Hiyo ilitokana na ile mizani ya ndoano. Shingoni mwa chogo kumevikwa koili ya shaba, na ilipokuwa inaning'inia ilizunguka kidogo. Nsajigwa alinionya nisiguse, maana chogo hutunza umeme hata likiwa limezimwa. Akanionya tena. Kisha akagusa yeye. Alirudi nyuma akaangusha kabati la makava ya simu, akakaa chini, akaniambia kwa utulivu kabisa, "Unaona?"

Akatoa ule umeme kwa bisibisi na waya, akairudisha koili kwa vidole, akaibana kwa kipande cha mpira wa tairi.

Kujua kama picha imenyooka nako kulikuwa na mashaka yake. Matangazo ya siku hizi hayaingii kwenye televisheni ile. Ilibidi king'amuzi kipitie kwenye deki ya zamani ya mikanda, na deki ndiyo itoe waya wa antena. Na macho yanadanganya: mtu mwenye uso mrefu utajuaje kama ni kioo au ni wazazi wake? Nsajigwa akapata wazo. Kuna stesheni ambayo kabla ya taarifa ya habari inaonyesha dunia ikizunguka. Dunia ikitokea kama yai, bado. Tatizo ni kwamba inazunguka sekunde chache, inaondoka, na taarifa nyingine ni baada ya saa kadhaa. Jioni ya Alhamisi ilikuwa yai lililosimama. Akageuza skrubu. Ijumaa mchana ilikuwa yai lililolala. Akageuza tena, nusu ya alichogeuza kwanza, lakini hapakuwa na dunia nyingine ya kuhakikishia. Iliyobaki ilikuwa ya saa kumi na moja jioni, na saa hiyo Mama Zuhura alitakiwa awe ameketi. Kesho yake asubuhi anaondoka.

Tukaifunga blanketi, tukaipeleka Msasani kwenye mvua pamoja na betri, king'amuzi na deki.

Sebule ilikuwa tupu. Maboksi ukutani, mkeka umekunjwa na kufungwa kamba. Tukamwekea Mama Zuhura kigoda katikati kabisa, hatua mbili kutoka kwenye kioo. Alituona tulivyolowa, akaanza kuinuka aende jikoni.

"Jiko limeshapakiwa, mama," nikamwambia. "Leo kaa."

Akakaa. Sisi tukasimama nyuma, karibu na mlango. Kioo kikapata chenga, kikatulia. Muziki wa taarifa ukapiga na dunia ikatokea. Ilizunguka taratibu, mviringo, mviringo kama chungwa la kununuliwa.

"Mviringo!" Nsajigwa akapiga kelele.

Mama Zuhura akageuka. "Nsajigwa, kwani shuleni hukufundishwa?"

Aliitazama taarifa yote. Ya bunge, ya mahindi, ya mpira. Hali ya hewa waliposema Mbeya kutakuwa na manyunyu alisema, "Manyunyu," kisha akatazama mvua dirishani. Lilipokuja tangazo la sabuni aliuliza kama kelele zetu zote zile zilikuwa kwa ajili ya sabuni. Halafu hakuuliza tena kitu. Alikisogeza kigoda mbele kidogo, akaweka mikono mapajani, na mwanga ule wa kijivu ukawa unampanda na kumshuka usoni. Chai niliyommiminia kutoka kwenye chupa ilipoa. Hakuna aliyemwita.

Taarifa ilipoisha akasema, "Hii naondoka nayo."

"Mama, umeniuzia."

"Nilikuuzia mzoga. Huu si mzoga. Chukua ishirini yako."

"Na kapasita?"

"Nani alikutuma?"

"Na betri? Mbili!"

"Betri baki nazo. Tanga kuna umeme."

Nsajigwa alikuwa anacheka mpaka anafuta macho, na adapta ya kuitumia kwenye umeme alishaahidi bure kabla sijamkanyaga mguu. Ile ishirini nilikataa kuipokea. Wanaonijua wataelewa uzito wa sentensi hiyo.

Zuhura alifika alfajiri na gari dogo la kuazima, likajaa maboksi mpaka mlango wa nyuma ukafungwa kwa kamba, televisheni ikakosa nafasi. Nikaahidi nitaifikisha mwenyewe. Waliondoka asubuhi kukiwa na ukungu, na Mama Zuhura alituaga kwa kututajia majina yetu kamili, ya utotoni, pamoja na yale ya utani tuliyodhani yamekufa.

Sasa hivi nyumbani kwangu kuna simu nne na televisheni bapa kubwa kuliko dirisha. Wanangu kila mmoja ana kona yake na waya masikioni, wanacheka kwa zamu vitu ambavyo mwenzao hajui. Picha zao ziko safi, hazikondi, hazilali upande, na siwezi kudanganya kwamba zetu zilikuwa bora. Zetu zilikuwa mbovu. Lakini hakuna aliyewahi kuziona peke yake, na tulitoka pale tumekauka. Kwa hilo nasema asante, mama, na naisema kwa kuchelewa, kwa niaba yangu na ya wote waliokalia ule mkeka wakasahau kuuliza nani yuko jikoni.

Imebaki safari. Mama Zuhura anapiga simu kila baada ya siku mbili, salamu fupi, kisha "mzigo wangu?" Nsajigwa amenionya kwamba barabara mbaya au mkao mbaya unaweza kuizungusha tena ile koili shingoni, na Tanga yeye hayupo wa kuirudisha. Kwa hiyo nauliza, hasa ninyi mliowahi kusafiri na chogo kwenye basi mkafika picha ikiwa bado imenyooka: kioo kitazame juu, kitazame mbele, au nikipakate kikiwa kimenielekea kifuani? Kwenye buti sitaki. Nauli ya kiti cha pili nimekubali kulipa, ingawa kondakta sijaanza kumbembeleza. Niambieni mapema. Kuna mtu ameshaweka kigoda.